Maswali Yenu: Kwa Nini Mnara wa Simu Hauwezi Kusubiri

SWALI: Habari za kazi fundi. Nasoma diploma ya mawasiliano mwaka wa pili, saa hizi nipo fildi na mafundi wa minara huku Morogoro. Tulifungua kabati chini ya mnara nikauliza kile kiboksi kikuu kinatumia mfumo endeshi gani, nikajibiwa sio Windows wala Linux kama ya laptop yako, ni wa wakati halisi, maelezo yakaishia hapo. Sasa kama laptop yangu ina prosesa nzuri na inafungua vitu fasta, kwa nini wasiweke Linux ya kawaida tu? – Msomaji, Morogoro

JIBU: Mdogo wangu umeuliza swali la msingi kabisa. Shida sio kasi, mfumo wa wakati halisi ni ule unaohakikisha kazi inaisha ndani ya muda uliopangwa. Laptop yako inaweza ikawa na kasi kuliko hicho kiboksi lakini haijakuahidi chochote kuhusu muda, sasa hivi faili linafunguka mara moja, baadae linakaa sekunde mbili kwa sababu kuna apdeti inashuka kimyakimya, wewe unasubiri na hakuna kilichoharibika.

Mnara hauna hiyo nafasi. Chukua 2G: masafa moja yamegawanywa zamu 8, kila zamu ni maikrosekunde 577 tu, simu 8 zinapokezana humo humo. Simu ikirusha nje ya zamu yake inamwingilia mwenzake. Kwenye 4G muda umekatwa vipande vya milisekunde 1, na kwa 4G ya FDD (kutuma na kupokea kwenye masafa tofauti) simu yako ikirusha data kwenye kipande fulani, mnara lazima ujibu "nimeipata" au "rudia" kwenye kipande cha nne baada ya hicho, sio cha tano. Hapo unabaki na kama milisekunde 3 za kuchambua mawimbi, kusahihisha makosa, kukagua kama data imefika kamili na kuandaa jibu, tena sio kwa mtu mmoja, ni kwa watu kibao kwa wakati mmoja. Jibu sahihi lililochelewa halina kazi, simu haitalisikia.

Ndo maana kampuni zinatumia mifumo kama OSE ya Enea ya Sweden au VxWorks ya Wind River ya Marekani. Kila kazi inapewa kipaumbele, ya juu ikiwa tayari basi iliyokuwa inaendelea inasimamishwa hapo hapo hata kama ilikuwa katikati, na memori inatengwa mapema ili mtu asianze kuitafuta mambo yakiwa moto. Mhandisi hapa hahesabu wastani, anahesabu siku mbaya kuliko zote, na kama siku hiyo bado anawahi basi mfumo unafaa.

Linux nayo haijaachwa. Kazi ya kuifanya itunze muda, PREEMPT_RT, imechukua karibu miaka 20 hadi kuingia kwenye Linux kuu toleo la 6.12 mwaka 2024. Wewe anza na bodi ndogo ya ESP32 na FreeRTOS, mfumo wa wakati halisi wa bure: weka kazi mbili kwenye kiini (core) kimoja, moja iwashe na kuzima pini kila milisekunde 1 na nyingine ipige hesabu nzito, badilisha vipaumbele alafu angalia pini kwenye osiloskopu ya chuo. Utaona mwenyewe mistari inavyoyumba na inavyotulia.

SWALI: Kaka, hiyo mitambo ikigoma si wanazima na kuwasha tu kama ruta ya nyumbani? – Msomaji, Nakuru

JIBU: Inajiwasha upya yenyewe, kuna saa ya ulinzi ambayo softiwea inatakiwa iiguse kila baada ya muda mfupi, isipoguswa inarestati mtambo. Lakini hapo hapo pana hatari yake. Tarehe 15 Januari 1990 huko Marekani swichi moja, yaani mtambo wa kuunganisha simu, ya kampuni ya simu ya AT&T ya New York ilipata hitilafu ndogo, ikajirestati, ikarudi ndani ya sekunde chache na kuanza kutuma simu kwa wenzake kama kawaida. Swichi jirani zikawa zinaandika kwamba mwenzetu karudi, na ujumbe wa pili ukiingia kabla hazijamaliza kuandika, tofauti ya milisekunde 10 hivi, data inavurugika nazo zinajirestati, zikirudi zinawaangusha wengine. Swichi zote 114 zilikuwa na softiwea ile ile mpya, kwa hiyo ugonjwa ulizunguka nchi nzima kama masaa 9 na karibu nusu ya simu zilizopita AT&T zilikwama. Chanzo ni amri moja ya break (ya kuruka nje ya kipande cha programu) iliyokaa vibaya kwenye programu ya lugha ya C. Walitulizaje? Walipunguza wingi wa jumbe kati ya swichi hadi zikapata nafasi ya kumaliza kuandika. Mimi kisa hiki ningependa kila anayesoma telecom akijue, maana kosa lenyewe halionekani kabisa ukijaribu swichi moja peke yake.

SWALI: Simu yangu ni Android, je nayo ina mfumo wa aina hii? – Msomaji, Mombasa

JIBU: Ndio dada, unao na unafanya kazi muda wote. Ndani kuna modemu, sehemu inayowasiliana na mnara, yenye prosesa yake na mfumo wake, kwa chipu za Qualcomm unaitwa QuRT. Simu ikiwa mfukoni Android inalala, modemu inaamka kila baada ya sekunde moja hivi kusikiliza kama mnara unakuita, inalala tena. Ingia Mipangilio, Kuhusu simu, tafuta toleo la besibendi, namba utakayoiona ndo ya softiwea hiyo.