Aikoni isipoonekana, usidhani programu imezimwa

Juzi nilikaa na kijana mmoja aliyehamia Openbox, kidhibiti madirisha chepesi cha Linux, mwezi uliopita. Analalamika kwamba aikoni ya mtandao haionekani. Nikamwambia afungue faili lake la autostart, lile linaloorodhesha programu za kuwashwa anapoingia. Ndani yake nm-applet, programu yenye aikoni ya mtandao, imeandikwa mara tatu, mistari mitatu inayofuatana, kana kwamba kompyuta haikusikia vizuri alipoiita mara ya kwanza. Huyo ni wa tatu mwaka huu. Wadogo zangu nawapenda, na hufurahi kila ninapoona mtu ameacha eneokazi zito akaja huku kwenye wepesi, lakini hili la trei, yaani pale zinapokaa aikoni ndogo za programu, linanikosesha subira kwa sababu najua linakompeleka mtu. Mimi lilinifikisha.

1. Trei ina mwenyewe mmoja.

Kwenye X, mfumo wa zamani wa kuonyesha madirisha kwenye Linux, trei si kiungo cha kidhibiti madirisha. Ni programu kama nyingine, na inachofanya ni kushika jina _NET_SYSTEM_TRAY_S0, ambapo hiyo S0 ni skrini namba sifuri. Anayelishika jina hilo ndiye mpokea wageni. Programu yenye aikoni humtafuta, humbishia hodi, kisha kidirisha chake kidogo huhamishiwa ndani ya trei. Ndiyo maana aikoni ya trei si picha tu, ni dirisha kamili lililobebwa na dirisha jingine.

Sasa ukiwasha stalonetray, ambayo ni trei inayojitegemea, huku paneli yako ya tint2 ina herufi S (alama ya trei) kwenye mstari wa panel_items wa usanidi wake, umeweka mafahali wawili zizi moja. Mmoja atalishika jina, mwingine atabaki hana kazi. Na yupi atashinda leo si lazima ashinde kesho. Kidhibiti madirisha cha Fluxbox kina trei yake kwenye upau, na i3bar, upau wa kidhibiti cha i3, nao unayo. Kabla hujaweka trei ya ziada, hakikisha huna nyingine tayari.

2. Trei kwanza, wenye aikoni baadaye.

Trei ikiamka hutoa tangazo, na programu iliyoandikwa vizuri hulisikia ikaja hata kama ilitangulia kuwashwa. Nyingine huangalia mara moja tu zinapoanza. Zisipoikuta trei hukata tamaa, au hufungua kidirisha kidogo kinachoelea katikati ya skrini, na mtu anadhani kompyuta imeharibika. Weka stalonetray, au trayer ambayo ni trei nyingine ya aina hiyo, mwanzoni mwa faili la autostart, kisha wengine uwacheleweshe kidogo, hivi:

stalonetray &
(sleep 2 && nm-applet) &
(sleep 2 && volumeicon) &

Hiyo alama ya & mwisho wa mstari msiisahau, tafadhali. Kwenye ~/.fluxbox/startup au .xinitrc, programu iliyokosa & husimamisha kila kilicho chini yake, pamoja na huo mstari wa exec unaowasha kidhibiti madirisha chenyewe. Nimepokea simu usiku kuhusu skrini nyeusi, na dawa yake ilikuwa herufi moja.

3. Kufunga dirisha si kuzima programu.

Hapa naomba mtulie, maana ndipo nilipoumia.

Nilikuwa kwenye mradi wa watu sita. Kazi yetu yote, rekodi za sauti na maandishi yake, ilikaa kwenye folda ya pamoja iliyosawazishwa na seva. Kila mmoja alikuwa na nakala kwenye mashine yake kupitia programu ya usawazishaji, na programu hiyo ilikuwa na tabia ambayo nyingi za aina yake zinayo: ukibofya alama ya kufunga, dirisha linaondoka lakini programu inajificha kwenye trei na kuendelea na kazi.

Eneokazi langu lilikuwa Openbox, na tint2 chini ya skrini. Siku za nyuma nilikuwa nimejaribu stalonetray, nikaipenda, nikaisahau ndani ya autostart. Kwa hiyo trei zangu zilikuwa mbili bila mimi kujua. Asubuhi tint2 ikiwahi, aikoni zilipangika vizuri kwenye paneli. Stalonetray ikiwahi, aikoni ziliingia kwenye kidirisha chake cha pikseli ishirini na nne pale kona ya chini, na tint2 ikakilalia juu. Aikoni zilikuwapo, chini ya paneli, kama sarafu iliyoanguka chini ya mkeka. Mimi niliona paneli tupu. Ilitokea siku kadhaa na sikujali, nikasema Linux ina mambo yake. Hilo ndilo kosa langu la kwanza, na kwangu ni kubwa kuliko lililofuata: niliona kitu kinabadilika kila siku bila sababu, nikakizoea.

Siku hiyo diski ilijaa. Nikafungua programu ya usawazishaji, nikaangalia, nikafunga dirisha. Nikatupa jicho kwenye paneli: hakuna aikoni. Nikajiambia imezimika. Nikaingia kwenye folda nikafuta rekodi zote za awamu ya kwanza, kwa utulivu kabisa, nikiamini nafuta nakala yangu tu na kwamba zile za seva ziko salama. Nikamwaga na pipa la taka kabisa, ili nafasi ipatikane.

Programu haikuwa imezimika. Ilikuwa hai chini ya paneli na ilifanya kazi yake kwa uaminifu: ilipeleka ule ufutaji kwenye seva, seva ikaupeleka kwa wenzangu watano. Dakika arobaini baadaye mwenzangu mmoja akaandika, "Kuna mtu amehamisha folda ya awamu ya kwanza?" Nilisoma sentensi hiyo mikono ikiwa juu ya kibodi, nikahisi baridi tumboni. Nikafungua terminali nikaandika pgrep -a, amri ya kutafuta programu zinazoendesha, na kipande cha jina la programu ile. Ukatokea mstari mmoja, namba ya mchakato na jina. Ilikuwa imewaka tangu asubuhi.

Nilikiri papo hapo, na hilo silijutii. Sehemu kubwa tuliirudisha kutoka pipa la taka la seva. Lakini kulikuwa na folda ndogo ya dada mmoja, maandishi aliyoyanukuu kutoka kwenye sauti kwa wiki mbili, masikio yamebanwa na spika usiku na mchana, ambayo haikurudi. Hakunifokea. Alikaa akaanza upya, nami nikakaa naye jioni tisa mfululizo tukagawana rekodi. Kila nikisikia mtu anasema "aikoni haipo kwa hiyo imezimika", namkumbuka yeye akirudisha sauti nyuma sekunde tano ili asikie neno moja.

Basi shikeni hili. Aikoni ni kioo cha programu tu, uhai wa programu uko kwingine. Ukitaka kujua kama programu inaendesha, tumia pgrep -a na jina lake. Ukitaka kuizima, bofya kitufe cha kulia kwenye aikoni uchague kuacha, au tumia pkill, amri ya kuizima kwa jina, kisha rudia pgrep uone kimya.

4. Ipe trei mahali pake.

Kwa stalonetray, faili ni ~/.stalonetrayrc, na mistari hii inatosha kwa wengi:

geometry 1x1-0+0
icon_gravity NE
grow_gravity E
icon_size 24
window_type dock
sticky true
skip_taskbar true

Namba za ukubwa kwenye geometry ni idadi ya nafasi za aikoni, si pikseli. Wengi huandika 200x24 wakashangaa trei inameza skrini. Hiyo -0+0 ni kona ya juu kulia, na grow_gravity E huifanya trei ikue kuelekea kushoto kila aikoni inapoongezeka, maana trei hukua kinyume cha upande ulioandikwa. Paneli yako ikiwa juu, ipeleke trei chini. Visikaliane. Wa trayer watumie --edge, --align na --SetPartialStrut true ili madirisha mengine yasiifunike. Wa i3, trei ikipotea baada ya kuchomeka skrini ya pili, angalieni mstari wa tray_output kwenye usanidi kwanza, kisha muitaje skrini kuu kwa xrandr --primary.

5. Si kila aikoni inabisha mlango huu.

Kuna programu mpya zisizotumia njia hii ya zamani kabisa. Zenyewe hutuma aikoni kupitia D-Bus, njia ya programu kutumiana ujumbe, kwa utaratibu uitwao StatusNotifierItem, na stalonetray haiwezi kuzisikia hata ukeshe. Msipoteze siku nzima mkibadilisha rangi na ukubwa: wekeni snixembed, inazitafsiri aikoni hizo ziingie kwenye trei ya zamani. Na aliyehamia Wayland, mfumo mpya unaochukua nafasi ya X, aelewe kwamba ile habari ya S0 huko haipo. Trei ya Waybar, paneli ya huko, inasikiliza D-Bus, kwa hiyo nm-applet iwashwe na --indicator.

Yule kijana tulifuta mistari miwili kati ya mitatu. Tukaiondoa na trayer aliyoinakili kutoka kwenye usanidi wa mtu mwingine, kwa sababu tint2 yake ilikuwa na S tayari. Akatoka, akaingia upya. Aikoni zikapangika moja baada ya nyingine kwenye paneli, naye akazihesabu kwa kidole: saba. Mbili kati yake zilikuwa za programu alizoapa kwamba alizifunga wiki iliyopita, na moja ilikuwa ya usawazishaji. Nikamwuliza kama kuna folda yoyote aliyoifuta tangu wakati huo. Akanyamaza kidogo, akafungua terminali.