Umelipia msimu, hujanunua mchicha

Juzi saa tano usiku kuna msomaji kaniandikia, kakasirika kweli: "Dada, nimelipa 120,000 ya kikapu cha mboga, hii wiki ya tatu naletewa mchicha, figili na majani ya maboga tu, nyanya sijaiona hata moja, nimeibiwa?" Nikaisoma mara mbili usingizi ukaisha, maana maneno hayohayo niliambiwa mimi, sebuleni kwangu, na watu niliowachemshia chai kwa mkono wangu.

Tulianza kaya 12 hapa Kimara, Dar. Wazo lilikua langu, nilienda msibani Morogoro nikapandishwa Mgeta, huko kwenye milima ya Uluguru, nikamkuta mama analima kwenye matuta ya mlimani, karoti, kabichi, liki, njegere, samadi anatoa kwa mbuzi wake wa maziwa. Nikamuuliza mama unauzaje, akanambia namwachia dalali mali kauli. Yaani mzigo unaondoka leo, hela inakuja ukishauzwa, na lumbesa, lile gunia la kuzidisha kipimo, imejazwa mpaka imeota kichwa, halafu dalali akipiga simu kwamba soko limeanguka au kabichi zimeozea njiani, imekula kwako, utamfanya nini na wewe uko mlimani. Nikaumia jamani. Mi nanunua fungu la karoti mtaani nalalamika bei, kumbe aliyelima analia zaidi yangu.

Ndo tukageuza. Badala ya mkulima kutukopesha, sisi tunamtangulizia, kila kaya 120,000 kwa wiki 12, anunue mbegu na alipe vibarua bila kukopa, na kila Jumamosi alfajiri matenga yanashuka Stendi ya Magufuli tunagawana sawa. Sikubuni mimi, Japani wanaita teikei tangu miaka ya 1970, na Marekani mashamba ya kwanza ya namna hii yalianza 1986 kule Massachusetts na New Hampshire. Mavuno yakija mengi mnagawana mengi, yakija kidogo mnagawana kidogo.

Hapo kwenye kidogo ndo nilipokosea. Sikupasema kwa sauti. Nilirusha picha za karoti na stroberi kwenye grupu, watu wakalipia picha.

Masika ikaja. Aprili ile nyanya zikaingiwa na bakajani chelewa, wengi wanaita ukungu tu, siku chache shamba zima majani yameungua kama yamemwagiwa maji ya moto. Barabara ya kushuka nayo ikawa tope, wiki moja gari halikushuka kabisa. Wiki tatu tukala figili na kabichi. Kaya saba zikaja kudai hela, na mweka hazina wetu, mtu niliyekua namwachia funguo za nyumba, akaniita tapeli mbele ya wanangu. Niliwarudishia hela ya wiki zilizobaki, nikaitoa kwenye mtaji wangu wa vitenge, yule mama wa Mgeta sikumdai hata mia. Mpaka leo nikikumbuka kifua kinabana.

Tulibaki watano. Leo tuko kaya 19, na najivunia, sifichi.

Kwahiyo dada yangu, usiseme umeibiwa mpaka ujiridhishe. Nenda shambani. Panda treni ya SGR mpaka Moro, chukua gari la kupanda, ukaone kwa macho. Mkulima aliyepigwa na mvua anakuonyesha nyanya zilizooza, mwizi hapokei simu. Na kabla hujalipa msimu mwingine uliza mwezi gani kunavunwa nini, mvua ikiharibu inakuaje, hela anashika nani, halafu andikeni, hata kwenye daftari la shule. Na usiamini kwamba kila cha mlimani hakijapigwa dawa, alama ya Kilimohai, ya mazao yaliyolimwa bila dawa za viwandani, ipo Afrika Mashariki tangu 2007, kama mkulima wako hana muulize amepuliza nini na lini kwa mara ya mwisho. Ila nenda shambani, narudia, wale saba hakuna hata mmoja aliyewahi kufika.

Sisi watu wa mjini tumezidi. Tunataka nyanya mwaka mzima, bei ileile, zote saizi moja, na hasara yote tumuachie aliye mlimani, halafu tunajiita tunasapoti wakulima. Kumsapoti mtu ni kula naye figili wiki zake tatu mbaya. Wanangu sasa wanazijua, nazikaanga na kitunguu na karanga ya kusaga, majani yake nayo situpi.

Wiki iliyopita mweka hazina wetu wa zamani kanitumia meseji, kasikia tuna njegere, anauliza kama kuna nafasi. Ipo moja. Meseji nimeisoma, sijamjibu bado.