Etha ingekuwepo, vitu vingekwendaje?

Ndugu mleta uzi, umeuliza: kama etha iliyodhaniwa kubeba mwanga angani ingekuwepo kweli, je, ingekinza mwendo wa vitu? Na mbona sayari hazijasimama? Nafundisha fizikia sekondari hapa Mombasa, na wanafunzi wangu makini hunibana kwa swali hilihili.

Tenganisha mambo mawili: etha kukinza vitu, na etha kuvipita kama upepo.

Kwa ukinzani, kitu kikikatiza hewa au maji kwa kasi, ukinzani hukua kwa mraba wa kasi yake. Dunia inalizunguka Jua kwa takriban kilomita 30 kwa sekunde, basi hata etha nyepesi kupindukia ingeacha alama. Lakini sayari isingesimama! Ingepoteza nishati, ikasogea karibu na Jua, na huko ingezunguka kwa kasi zaidi. Mwaka ungezidi kuwa mfupi. Darasani hapa ndipo ubishi huwaka, nami huwaacha wabishane mpaka waipige hesabu wenyewe.

Karne ya 19 mnajimu wa Ujerumani, Johann Encke, aliona dalili kama hiyo. Kometi (nyota yenye mkia) yenye jina lake, inayozunguka kwa miaka 3.3 hivi, ilikuwa ikirudi mapema kwa saa mbili na nusu kila mzunguko. Akasema kuna kitu angani kinaikinza. Mwaka 1950 mwanaastronomia wa Marekani, Fred Whipple, akaeleza kwamba barafu ya kometi ikipata joto hutoa gesi, na gesi hiyo huisukuma. Nami naona hoja hii ina nguvu, kwa sababu zipo kometi ambazo mzunguko wao hurefuka, na ukinzani hauwezi kufanya hivyo.

Kuhusu upepo wa etha, nenda Mtongwe maji yakipwa, umtazame mpiga kasia anayevuka. Omo, yaani ncha ya mbele ya chombo, haielekezi anakokwenda. Anaielekeza juu zaidi, mkondo unakotoka, la sivyo mkondo utamteremsha. Tuseme anakwenda kilomita 5 kwa saa na mkondo ni 3. Kuvuka kilomita moja na kurudi ni dakika 30. Kuupanda mkondo kilomita moja na kurudi nao ni dakika 37 na nusu. Umbali ni uleule, muda mbali kabisa.

Sasa mweke mwanga mahali pa mpiga kasia, na etha mahali pa mkondo. Wanasayansi Michelson na Morley waliitafuta tofauti hiyo kwa mwanga huko Cleveland, Marekani, mwaka 1887. Vifaa vyao vilikaa juu ya bamba la jiwe lililoelea kwenye zebaki ili waweze kuvizungusha taratibu. Walichokiona kilikuwa chini ya sehemu ya ishirini ya walichotarajia.

Mwanafizikia wa Uholanzi, Lorentz, akaiokoa etha kwa kusema vitu hufupika kidogo upande wa vinakokwenda, kiasi cha kuuficha upepo huo. Hapo mimi ndipo ninapogoma. Etha isiyokinza chochote na isiyoonekana ikipita haibadilishi mwendo wa kitu chochote, na Einstein mwaka 1905 aliijenga nadharia yake bila kuihitaji. Anayeitetea leo atutajie ni mwendo wa kitu gani unaobadilishwa na etha, na kwa kiasi gani, tukaupime.