Mshahara wa benki na shoti ya mwisho wa mwezi

Jarida limeuliza wiki hii: kuajiriwa na kampuni kubwa ya maduka kuna utamu gani, na uchungu gani? Mimi ni keshia wa supamaketi hapa Dodoma, na kabla ya hapo nilikuwa muuzaji kwenye duka la jumla la mtu kule Majengo. Nimeonja kote kuwili. Utamu ninaoujua umeandikwa kwenye mkataba, na uchungu unaanza pale mkataba unapowekwa kando.

Majengo tajiri alinilipa mkononi, tarehe aliyoitaka yeye. Ukiugua, siku hiyo haina hela. Kwenye kampuni mshahara unaingia benki, likizo ya mwaka ni siku 28, na NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, inapelekewa asilimia 20 ya mshahara, mwajiri akibeba angalau nusu yake. Nilipojifungua nilikaa nyumbani siku 84 za kisheria huku nalipwa. Mama yangu, aliyeuza nyanya soko la Sabasaba miaka mingi, alikuwa akiniuliza kila mwisho wa mwezi kama kweli hela imeingia. Hilo peke yake linanifanya niitetee kazi hii mbele ya yeyote anayeidharau.

Kazi yenyewe ni ya miguu. Unasimama zamu nzima, na kati ya Aprili na Juni, Bunge la bajeti likikaa, mji unafurika na ofu zinafutwa. Sheria inasema saa 45 kwa wiki, na za ziada zilipwe mara moja na nusu. Zinalipwa, ingawa huchelewa. Lakini duka linafungwa saa nne usiku, daladala za Nzuguni zimeshaadimika, na bodaboda inakula sehemu nzuri ya hiyo ziada. Kampuni yenye malori inashindwaje kuwa na gari moja la kurudisha wafanyakazi usiku? Wengi wetu ni wanawake.

Kinachoniuma kuliko vyote ni shoti, yaani hela au mali ikipungua kwenye hesabu. Droo yangu ikipungua, nitalipa, maana niliihesabu mwenyewe na kuisaini. Lakini mali ikipungua stoo, hasara inagawanywa kwa zamu nzima: keshia, wapanga rafu, hata dada wa usafi. Hakuna anayeambiwa kilichopotea ni nini wala lini. Unaona tu mshahara umepungua.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 hairuhusu hivyo. Ili mfanyakazi akatwe kwa hasara, lazima iwe imetokana na kosa lake, mwajiri aeleze kwa maandishi chanzo na kiasi chake, mfanyakazi apewe nafasi ya kupinga, na makato yasizidi robo ya mshahara. Mambo haya niliyasikia kwa mara ya kwanza kwa mtu wa TUICO, chama chetu cha wafanyakazi, wala si kwenye mafunzo ya kuanza kazi, ambako tulifundishwa wiki nzima jinsi ya kumkaribisha mteja.

Wengine huniambia niende serikalini, kampuni hizi hazina uhakika. Ni kweli supamaketi ya Uchumi ilifunga maduka yake ya Tanzania mwaka 2015, na Nakumatt, iliyonunua ya Shoprite mwaka 2014, haikudumu. Sawa, lakini nafasi za serikali tunazigombea maelfu, na mtoto anakula leo.

Mwaka jana mwenzetu wa kaunta ya mikate alikataa kusaini fomu ya makato mpaka apewe maelezo kwa maandishi. Tuliogopa atafukuzwa. Ikabidi meneja arudie hesabu ya stoo na hati za mapokezi, ikaonekana katoni za mafuta ya kula zilishushwa pungufu tangu kwenye lori na aliyepokea akasaini bila kuhesabu. Hela zetu zilirudishwa mwezi uliofuata, pamoja na za dada wa usafi. Tangu hapo kila lori linahesabiwa na watu wawili.