Bangili ya shanga 6: kwa nini 64 ÷ 12 haitoi jibu?

Swali: Nina shanga nyeusi na nyeupe. Nataka kujua zinatoka bangili ngapi tofauti za shanga 6. Kila nafasi ina rangi 2, hivyo 2⁶ = 64. Bangili ina mizunguko 6 na mipinduo 6, nikagawa 64 kwa 12, nikapata 5.33. Nimekosea wapi?

Jibu: 64 ni sahihi, na migeuzo 12 ni sahihi pia. Kosa limo katika kugawa. Ukigawa kwa 12 unadai kwamba kila bangili imehesabiwa mara 12, na sivyo. Bangili nyeusi tupu imehesabiwa mara 1, maana uigeuze utakavyo, inabaki ile ile. Inayopishanisha rangi imehesabiwa mara 2. Kadiri ulinganifu unavyozidi, ndivyo bangili inavyohesabiwa mara chache.

Kwa hiyo chukua mgeuzo mmoja mmoja, hesabu mipangilio ambayo hauibadilishi, kisha tafuta wastani. Kanuni hii huitwa ya Burnside, ingawa mwanahisabati mwenzake Cauchy aliijua tangu 1845.

Kuiacha ilivyo: 64. Kuizungusha kwa nyuzi (digrii) 60 na 300: shanga zote ziwe rangi moja, 2 kila mgeuzo. Nyuzi 120 na 240: makundi 2 ya shanga tatu tatu, yaani 4 kila mgeuzo. Nyuzi 180: jozi 3, yaani 8. Jumla 84.

Kwenye kupindua ndiko wengi huteleza, kwa sababu mihimili (mistari ya kupindulia) ni ya aina mbili. Mitatu hupita kwenye shanga mbili zinazotazamana: hizo hazihami, nne zilizobaki hubadilishana kwa jozi 2, basi 2⁴ = 16. Mitatu hupita katikati ya shanga na shanga: jozi 3, basi 8. Jumla 48 + 24 = 72.

(84 + 72) ÷ 12 = 13.

Hakiki kwa kitu kisichobadilika: idadi ya shanga nyeusi. Kuanzia 0 hadi 6 utapata bangili 1, 1, 3, 3, 3, 1, 1. Idadi hiyo peke yake haitofautishi zote. Zenye nyeusi 3 zinahitaji pia hatua kati ya nyeusi na nyeusi: (1,1,4), (1,2,3), (2,2,2). Ukipindua (1,2,3) unapata (1,3,2). Kama shanga zako zimepakwa rangi upande mmoja na bangili haipinduliki, hizo mbili ni tofauti, nawe utagawa 84 kwa 6 upate 14.