"Nipe" na "naomba": barua kwa mwanangu aliye Nairobi

Marahaba, mwanangu.

Ujumbe wako nimeusoma mara mbili. Unasema wenzako kazini wanakwambia "nipe faili", "leta kalamu", basi; nawe ukisema "naomba maji" wanacheka. Ukamwamkia mama mwenye nyumba shikamoo, akakuuliza kwani yeye ni shosho, yaani bibi kizee. Sasa unaniuliza: hawa watu hawana adabu, au wewe uache mambo ya kwetu?

Na mimi yalinikuta. Mwaka 1996 nilivuka mpaka wa Horohoro na lori la machungwa ya kwetu Muheza, tukaingia soko la Wakulima hapo Nairobi alfajiri, na baridi ya huko unaijua. Akaja mama mmoja mnunuzi, hakunijulia hali. "Wewe, leta hayo tuone." Machozi yalinilengalenga. Nilizoea mteja aanze na za asubuhi, za nyumbani, watoto hawajambo, ndipo afike kwenye bei! Akachagua, akahesabu, akalipa bila kunipunja hata shilingi. Kisha akaona mikono yangu inavyotetemeka. Akavua leso aliyojitanda, akanifunika nayo mabegani, akanisogezea bakuli la githeri, makande yetu yale yale. "Kula." Hakusema karibu. Alisema kula, akasimama pale mpaka nikamaliza.

Tangu siku ile nikaanza kuwasikiliza vizuri. Nao wana "naomba" yao. Mtu wa Nairobi akitaka kitu kwa heshima hukwambia "nisaidie na chumvi", "nisaidie na hiyo kalamu". Sisi tukisikia hivyo tunadhani ana shida kubwa. Wao wakisikia "naomba" wanamuona mtu anayeombaomba, hana hela ya maji. Kicheko chao kinatoka hapo, si kwamba wanakudharau.

Halafu, mwanangu, Kiswahili hakikutufikia kwa njia moja. Sisi Tanzania tangu 1967 shule nyingi za msingi hufundisha kwa Kiswahili, hata hesabu. Mwenzako huyo pengine amelelewa kwa Kikamba au Kijaluo, masomo mengi akafundishwa kwa Kiingereza. Kiswahili kikawa somo lake moja, kingine akakiokota sokoni na kwenye matatu. Adabu aliyofunzwa na mama yake imebaki katika lugha ya mama yake. Siku ukimkuta anazungumza na bibi yake kwa simu, tega sikio. Hutaelewa neno, lakini sauti itashuka, utaisikia.

Kwa hiyo "nisaidie na" jifunze, uitumie. "Naomba" usiione haya. Shikamoo ndiyo sitaki uipoteze. Mombasa wataiitikia vizuri tu. Hapo Nairobi, mama wa miaka arobaini inamzeesha. Huyo mwambie "habari ya asubuhi, mama", usimame kidogo umngoje ajibu, usimjulie hali huku unapita. Ila mzee mwenye mvi mpe shikamoo yake, hata kama hajui itikio lake. Mwambie: huitikiwa marahaba.

Nimefunga kiroba cha machungwa, kinakuja na basi la kesho usiku. Nusu mpelekee mama mwenye nyumba. Mwambie yametoka Muheza, na kwamba mama yako anamsalimu sana.

Mama yako