Genge na maandamano: barua kwa mwanangu

Mwanangu,

Umeniuliza kama ni kweli anavyosema mjomba wako, kwamba vijana wa maandamano ya Juni 2024 hapa Kenya walikuwa genge tu lililobeba bendera. Kwa nje, mjomba hajakosea sana: ni vijana wa rika moja, wengi hawana kazi, wana lugha yao, na pale wanapata heshima ambayo nyumbani na serikalini hawaipati. Lakini kwanza angalia mlango wa kutokea.

Chukua Mungiki, genge lililojulikana kwa kutoza matatu pesa: walilishana kiapo. Aliyeapa akijitoa huhesabiwa msaliti, kwa sababu anajua majina na anajua pesa zinalala wapi. Vijana wa 2024, waliopinga kodi za Mswada wa Fedha, hawakuapishwa na mtu. Aliyechoka saa tisa alipanda matatu akaenda kwao, wala hakuna mwenzake aliyemfuata kumdai.

Kisha fuata shilingi. Genge hula eneo: steji, choo, bomba la maji, waya wa stima uliounganishwa kinyemela. Makanga hulipa genge kabla gari halijaondoka, na kesho hulipa tena, kwa hiyo genge halina siku ya kumaliza kazi. Novemba 2006 Mungiki walipigana Mathare na genge la hapo lililojiita Taliban, wakigombea ushuru wa pombe ya chang'aa. Maandamano nayo huchangisha: 2024 watu walituma pesa kwa simu kulipia hospitali na mazishi, na mswada ulipoanguka baadhi walirudi makwao. Tatizo huanza mchango usipoonyeshwa hesabu.

Tena, Mungiki haikuzaliwa steji. Ilianza mwishoni mwa miaka ya 1980 huko Laikipia, watu wakitaka kurudia dini na mila za Wakikuyu. Matatu za Nairobi ndizo ziliigeuza. Kwa hiyo asili ya kundi haikutoshi. Tazama leo linakula wapi.

Orodha ya serikali ya makundi haramu pia usiitegemee. Sheria ya 2010 ya kuzuia uhalifu wa kupangwa inazungumzia kundi lenye mpangilio, la watu 3 au zaidi, linalodumu kwa muda likilenga uhalifu mkubwa ili lipate faida. Oktoba mwaka huo makundi 33 yalipigwa marufuku kwa mpigo: Mungiki ndani, na MRC (Mombasa Republican Council), kundi la "Pwani si Kenya" lililotaka Pwani ijitenge, ndani vilevile. Julai 2012 Mahakama Kuu ya Mombasa ikaiondolea MRC marufuku hiyo.

Kuandamana kuna njia yake. Kifungu cha 37 cha Katiba kinaruhusu, kwa amani na bila silaha. Mkuu wa kituo cha polisi hupewa notisi siku 3 hadi 14 kabla, yenye jina kamili na anwani ya mwandalizi, tarehe, saa (kati ya kumi na mbili asubuhi na kumi na mbili jioni) na njia mtakayopita. Chukua nakala mbili, moja igongwe muhuri urudi nayo. Ni taarifa, si ombi la kibali, hata afande akisema vingine.

Sasa, kundi linalojisifu halina kiongozi, nani aweke sahihi? Vijana wa 2024 walikosa kichwa, na polisi wakakosa cha kukata. Lakini Rais alipokataa kuutia mswada sahihi tarehe 26 Juni, hapakuwa na wa kusema "tumeshinda, turudini", wala wa kukaa mezani kwa niaba ya wote. Genge lina kichwa na linatii. Kichwa kikiondoka, waliobaki huchinjana kurithi.

Na nyumba isiyo na bawabu huingia yeyote. Tarehe 17 Juni 2025 wahuni wenye mijeledi na rungu walifika katikati ya Nairobi kwa pikipiki kuwacharaza waandamanaji. Ukienda, enda na watu mnaojuana kwa sura. Wasimamizi wakae mbele, pembeni na nyuma, wasirundikane mbele kwenye kamera. Duka likivunjwa, wote mketi chini papo hapo. Atakayebaki amesimama na jiwe mkononi, mwonyesheni mjomba.

Mamako